Kikulacho ki Tumboni Mwako: Ini, Bakteria wa Utumbo na Deni la Wanakiswahili

Wahenga walinena kwamba kikulacho ki nguoni mwako. Lau wangaliishi hadi enzi hizi za darubini kali na maabara, huenda wangaliiongezea methali hiyo kipande cha pili: na kikulindacho ki tumboni mwako. Makala haya yananuia kutetea rai moja tu, nayo ni hii: maarifa mapya kuhusu uhusiano wa bakteria wa utumbo na maradhi sugu ya ini hayatamfaa mkulima wa Kilungu mpaka yapate maneno ya Kiswahili yanayoeleweka, na jukumu la kuyatafuta maneno hayo si la madaktari peke yao. Ni letu sisi tunaojiita wanafunzi na walimu wa lugha hii.

Najua msomaji atauliza: Je, mwanafunzi wa isimu na fasihi ana nini cha kusema kuhusu ini? Nitajibu kwa kisa kilichonifika mimi mwenyewe.

Mjomba wangu alikuwa mkulima huko Kilungu, katika vilima vya kaunti ya Makueni, kwenye matuta yanayotazamana na soko la Nunguni. Alianza kuvimba tumbo na miguu, macho yakageuka manjano, mwili ukakonda hata nguo zikamwanguka. Usiku mmoja wa mwezi wa Disemba alianza kuzungumza na watu wasiokuwapo. Akawa analala mchana kutwa na kukesha usiku, na kila aliponyosha mikono mbele, viganja vilipigapiga kama mabawa ya ndege aliyechoka. Jirani mmoja alisema amerogwa. Mwingine alisema ni kaluvu aliyoinywa ujanani inayomdai. Tulimpeleka hospitali, nayo sitaitaja jina, na huko tabibu akampa mkazamjomba chupa ya dawa tamu ya maji.

"Mama, umpe hii mara tatu kwa siku. Ataendesha."

"Daktari, mtu huyu hajala siku mbili, tena ameishiwa na nguvu. Mbona nimpe dawa ya kumharisha?"

"Wewe mpe tu, mama."

Alimpa. Siku ya tatu mjomba alizinduka, akatutambua kwa majina, akaulizia hata ng'ombe wake. Mkazamjomba alipoona mumewe amepata fahamu lakini anazidi kwenda msalani, aliiweka chupa juu ya kabati. Kwake yeye, kumharisha mgonjwa aliyedhoofika kulikuwa ni kumuua. Siku chache baadaye mjomba alilala usingizi ambao hatukuweza kumwamsha.

Simlaumu mkazamjomba, kwa maana alitenda kwa huruma na kwa mantiki. Wala simlaumu tabibu, aliyekuwa na foleni ndefu mlangoni. Wala sisemi kwamba chupa ile ingaliliponya ini lililokwisha kuharibika. Ninachosema ni kwamba maelezo ambayo yangalimfanya mama yule aendelee kutoa dawa yangaliweza kutoshea katika sentensi kumi za Kiswahili chepesi. Sentensi hizo hazikusemwa. Nilipozitafuta baadaye ili nimweleze, nilitambua kwamba mimi pia, pamoja na shahada ninayoisomea, sikuwa nazo.

Ini na utumbo: majirani wa mlango mmoja

Hebu basi tuzitafute. Ini halipati damu yake kutoka moyoni peke yake kama viungo vingine vingi. Takriban robo tatu ya damu inayoingia ndani yake hutoka matumboni, ikiletwa na mshipa mkubwa unaokusanya sehemu kubwa ya kilichofyonzwa utumboni. Sehemu kubwa ya tunachokula na kunywa, kizuri na kibaya, hupita kwanza kwa ini kabla ya kusambazwa mwilini. Ini ni kama afisa wa forodha aliyeketi mpakani: hukagua, hupokea, huzuia, hubadilisha sumu kuwa kitu kisichodhuru. Nalo halipokei tu. Hurudisha nyongo utumboni, na nyongo hiyo husaidia kusaga mafuta na pia huamua ni bakteria gani watakaostawi humo. Bakteria nao huibadilisha nyongo, na sehemu ya nyongo hiyo iliyobadilishwa hurudi inini. Kwa hiyo ini na utumbo ni majirani wanaotumia mlango mmoja, kila mmoja akijua siri za mwenzake.

Katika utumbo, hasa utumbo mpana, wanaishi bakteria wengi mno. Makadirio yaliyochapishwa mwaka 2016 yanasema kwamba mwili wa mtu mzima una bakteria takriban trilioni 38, idadi inayokaribiana na ile ya seli za mwili wenyewe. Wengi wao si adui. Humeng'enya nyuzinyuzi ambazo sisi wenyewe hatuwezi kuzimeng'enya, hutengeneza baadhi ya vitamini, na huwanyima nafasi bakteria waharibifu. Ukuta wa utumbo umejengwa kwa seli zilizobanana ili wapangaji hawa wabaki upande wao.

Tatizo huanza ukuta huo unapolegea. Pombe nyingi huulegeza. Maradhi ya ini yenyewe huulegeza pia. Hapo vipande vya bakteria, na wakati mwingine bakteria wazima, hupenya na kubebwa na damu moja kwa moja hadi inini. Ndani ya ini kuna seli za ulinzi ambazo mwanasayansi Mjerumani Karl Wilhelm von Kupffer alizieleza mwaka 1876. Seli hizi zikikutana na vipande hivyo huwaka hasira na kuanzisha uvimbe. Uvimbe wa siku moja hupona. Uvimbe wa miaka huacha makovu, na makovu yakijaa, ini husinyaa na kuwa gumu. Huo ndio ugonjwa ambao madaktari huuita sirosisi.

Ieleweke bayana kwamba uhusiano huu ni wa pande mbili. Ini bovu hutoa nyongo kidogo, upungufu huo huvuruga jamii ya bakteria, na bakteria waliovurugika hulichoma ini zaidi. Utafiti uliofanywa Uchina na kuchapishwa mwaka 2014 ulilinganisha kinyesi cha wagonjwa wa sirosisi na cha watu wenye afya. Ulibaini kwamba zaidi ya nusu ya spishi za bakteria zilizoongezeka kwa wagonjwa asili yake ni kinywani. Wakaazi wa kinywa walikuwa wamehamia utumboni, mahali ambapo kwa kawaida wasingeruhusiwa kukaa. Mwaka 2019 utafiti mwingine ulionyesha kwamba kwa wagonjwa wa ini la pombe, aina fulani ya bakteria wa utumbo hutoa sumu inayoua seli za ini, na kwamba wagonjwa wenye bakteria hao walikuwa katika hatari kubwa zaidi ya kufa. Mambo haya bado yanachunguzwa, na haifai mtu yeyote aambiwe kwamba tiba ya kubadilisha bakteria imekwisha kukamilika. Hata hivyo, kwa kile kilichompata mjomba wangu, sayansi inajulikana tangu zamani.

Bakteria wa utumbo wanapovunjavunja protini hutoa amonia. Ini zima huigeuza amonia kuwa urea, nayo hutoka kwa mkojo. Ini lenye makovu hushindwa, na amonia hupita hadi ubongoni. Ndipo mgonjwa hubadilisha usiku kuwa mchana, mikono hupigapiga, maneno humpotea, na mwishowe huzimia. Dawa ile tamu ni sukari ambayo utumbo mwembamba hauwezi kuifyonza. Inapofika utumbo mpana, bakteria huila na kuitoa kama asidi. Asidi hiyo huinasa amonia isirudi katika damu, na kuharisha huitoa nje. Kwa kawaida madaktari hutaka mgonjwa aende haja laini mara mbili au tatu kwa siku. Akiharisha kupita kiasi, kipimo hupunguzwa kwa ushauri wa daktari. Dawa haiwekwi kabatini.

Mkazamjomba angaliambiwa hivi: "Mama, tumboni mwa mzee mna vijiumbe vinavyotengeneza sumu. Ini lake limechoka, haliwezi kuisafisha, na sumu hiyo imepanda kichwani. Dawa hii inaitoa sumu kwa njia ya choo. Asipoendesha, sumu inabaki, naye atapotea tena." Sentensi nne tu.

Ukungu wa vilima na ukungu wa mahindi

Pengine msomaji atadhani nimeichagua Kilungu kwa sababu ya mjomba tu. La hasha. Ukambani una historia ndefu na ya kusikitisha inayohusu ini, na historia hiyo nayo ina somo la lugha ndani yake.

Mwaka 1981, katika wilaya ya Machakos ya wakati huo, ambayo Makueni ilikuwa sehemu yake hadi ilipotengwa mwaka 1992, watu 20 walilazwa hospitalini wakiwa na macho ya manjano na matumbo yaliyovimba. 12 kati yao walikufa. Waliochunguza walielezwa kwamba kabla ya watu kuugua, njiwa walikuwa wamekufa, kisha mbwa. Chanzo kilikuwa mahindi yaliyoota ukungu. Kuvu hiyo hutoa sumu ambayo wataalamu huiita aflatoksini, na shabaha yake kuu mwilini ni ini.

Miaka 23 baadaye, mwaka 2004, balaa lilirudi kwa ukubwa wa kutisha. Kati ya Januari na Julai, wagonjwa 317 walisajiliwa na 125 kati yao wakafa, wengi wao wakitoka Makueni na Kitui. Mahindi yalichukuliwa kutoka masoko 65 na kupimwa, na zaidi ya nusu ya sampuli yalizidi kiwango kilichokuwa kikiruhusiwa wakati huo cha sehemu 20 kwa bilioni. Asilimia 7 ya sampuli yalizidi sehemu 1,000. Uchunguzi uliolinganisha waliougua na majirani wao wazima ulionyesha kwamba walioweka mahindi mabichi ndani ya nyumba walikuwa katika hatari zaidi. Wakulima hao hawakuwa wazembe. Waliyaingiza mahindi nyumbani kwa sababu njaa na wezi walikuwa nje.

Hayo ndiyo mauti ya ghafla. Kuna pia madhara ya polepole, ambayo hayaandikwi katika vichwa vya magazeti. Watafiti waliochunguza watoto wa shule katika Makueni walikuta wengi wenye ini na wengu vilivyovimba na kuwa vigumu. Malaria ya mara kwa mara na kichocho cha matumbo vilieleza sehemu ya tatizo hilo, kwani mayai ya minyoo ya kichocho husafiri katika mshipa uleule unaotoka matumboni na kukwama inini. Mwaka 2012 utafiti mwingine, uliotumia damu ya watoto iliyochukuliwa mwaka 2002 na 2004, ulionyesha kwamba watoto wenye ini lililovimba walikuwa na alama nyingi zaidi za sumu ya kuvu katika damu yao. Watafiti walihitimisha kwamba sumu hiyo huenda ikachangia uvimbe huo sugu. Aidha, inajulikana kwamba mtu mwenye virusi vya homa ya ini aina ya B anayekula sumu hii kwa miaka mingi huwa katika hatari kubwa mno ya kupata saratani ya ini.

Je, bakteria wa utumbo wanaingia wapi hapa? Wanaingia mlangoni. Sumu hupita utumboni kabla ya kufika inini. Majaribio ya wanyama yameonyesha kwamba inaweza kuudhuru ukuta wa utumbo na kuivuruga jamii ya bakteria. Kwa upande mwingine, katika maabara baadhi ya bakteria wanaochachusha maziwa na nafaka wameonekana kuishika sumu hiyo kwenye ukuta wa seli zao. Ng'ambo ya pili ya mto Tana, kimere, kinywaji cha nafaka iliyochachushwa cha Wambeere, kimechunguzwa na watafiti, na bakteria aliyetengwa humo akaonekana kuwa na uwezo huo. Kwa hakika haya hayamaanishi kwamba mtu ale mahindi yaliyovunda kisha ateremshie na maziwa ya mala. Kinga ya kwanza ni kuyakausha mahindi vyema, kuyainua yasiguse sakafu na kutupa yaliyooza. Hata hivyo, ni jambo la fahari na la kufikirisha kwamba vibuyu vya nyanya zetu vilikuwa na kitu ambacho sayansi ya leo inakitafuta.

Jina ni dira

Sasa tufike penye kiini cha hoja. Katika Kiswahili cha Kenya, neno ukungu lina maana mbili: ile hali ya hewa inayofunika vilima vya Kilungu asubuhi, na ule uozo unaoota juu ya mahindi na mkate. Msemaji hupambanua kwa muktadha. Lakini mwaka 2004 onyo rasmi lilipotolewa, neno lililosikika sana lilikuwa aflatoksini. Neno hili halimwambii mkulima lolote. Halina sumu ndani yake, halina kuvu, halina ghala wala hindi. Ni sauti tupu iliyotoka mbali.

Wenzetu wa Tanzania walichukua njia nyingine. Mwaka 2016 mlipuko kama wetu ulipoua watu 20 katika maeneo ya kati ya nchi hiyo, neno sumukuvu lilipata nguvu, na leo limeenea katika matangazo, mafunzo ya wakulima na miradi ya serikali. Tazama umbo lake: sumu na kuvu. Anayelisikia kwa mara ya kwanza amekwisha kujua nusu ya somo. Anajua kwamba ni sumu na anajua inatoka wapi. Hilo ni neno linalofundisha kabla mwalimu hajafungua kinywa. Mbona basi sisi wa Kenya tungali tunang'ang'ania aflatoksini, ilhali lugha ni moja na mahindi ni yaleyale?

Mfano wa pili uko kwenye macho ya manjano. Kamusi na vyombo vya habari hutumia homa ya manjano kwa ugonjwa unaoletwa na virusi vya mbu na unaozuiwa kwa chanjo ya wasafiri. Wananchi wengi hutumia jina hilohilo kwa umanjano wowote wa macho. Mgonjwa wa ini anapoambiwa ana homa ya manjano, atasubiri chanjo au atatafuta mbu, huku ini lake likiendelea kuungua. Utata wa jina umezaa utata wa tiba.

Mfano wa tatu ndio unaotuhusu zaidi. Kiswahili cha kawaida huwaita bakteria vijidudu. Neno hili limebeba uadui: vijidudu huuawa, hupigwa dawa, husafishwa. Mtu aliyelelewa na neno hilo hawezi kuelewa kwa urahisi kwamba ana trilioni za vijidudu tumboni na kwamba bila hivyo asingekuwa na afya njema. Ndiyo maana watu hununua antibiotiki dukani kwa kila mkato wa tumbo, wakidhani wanaua adui, kumbe wanafyeka shamba lenye mahindi na magugu pamoja. Tunahitaji neno lisilo na chuki. Mimi napendekeza vijiumbe, na kwa mkusanyiko wao wote utumboni, jamii ya vijiumbe vya utumbo. Neno jamii lina faida: linaeleza kwamba wamo wema na wabaya, kwamba wanaishi kwa mizani, na kwamba mizani hiyo inaweza kuvurugika.

Kwa sirosisi napendekeza ini la makovu, kwa maana kovu kila mtu analijua: ni alama ya jeraha lililopita ambayo haifanyi kazi ya nyama iliyokuwapo. Kwa ule mchafuko wa akili uliomchukua mjomba, kupanda kwa sumu ya ini kungetosha. Msomaji anaweza kuwa na maneno bora kuliko haya, na kama anayo, ayalete. Sioni haya kushindwa katika mjadala ambao ushindi wake ni uhai wa watu.

Isidhaniwe kwamba lugha yetu ni maskini katika jambo hili. Kiswahili kimelijua ini tangu jadi. Husemwa kwamba maneno makali humkata mtu maini, na kwamba mtesi asiyekwisha humkalia mtu ini. Waswahili wa kale waliona kwamba ini ni kiungo cha uchungu wa ndani, usioonekana, wa muda mrefu. Je, kuna maelezo bora zaidi ya ugonjwa sugu wa ini kuliko mtesi aliyekukalia ini? Msingi upo. Kinachokosekana ni wajenzi.

Pingamizi tatu

Kuna wale watakaosema kwamba istilahi za tiba zimekwisha kushughulikiwa. Ni kweli kwamba Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ilitoa kamusi ya biolojia, fizikia na kemia mwaka 1990 na Kamusi ya Tiba mwaka 2003. Tunazishukuru kazi hizo. Lakini mengi ya maarifa niliyoyaeleza hapo juu yamechapishwa baada ya hapo. Isitoshe, istilahi iliyolala kamusini bila kufika kwenye chumba cha daktari ni kama mbegu iliyobaki ghalani hadi mvua ikapita.

Kuna wengine watakaosema kwamba Kilungu husemwa Kikamba, na kwamba mkazamjomba wangu angalielezwa kwa Kikamba vizuri zaidi kuliko kwa Kiswahili. Hoja hii ina uzito, nami siipuuzi. Kikamba ni lugha ya moyo wake. Lakini tabibu yule hakuwa Mkamba. Lugha iliyowakutanisha ilikuwa Kiswahili, na ndivyo ilivyo katika hospitali nyingi za nchi yetu, ambako wauguzi na wagonjwa hutoka pembe tofauti. Tena Kikamba na Kiswahili ni ndugu wa ukoo wa Kibantu. Neno lililoundwa kwa uwazi katika Kiswahili ni rahisi kulitafsiri kwa Kikamba kuliko neno la Kilatini. Kiswahili hakimnyang'anyi Mkamba lugha yake. Humjengea daraja la kuvukia.

Na kuna wale wanaodai kwamba Kiingereza ndicho lugha ya sayansi, na kwamba kutafsiri ni kupunguza usahihi. Hawa nawauliza: usahihi kwa nani? Neno sahihi lisiloeleweka na anayepaswa kulitekeleza lina usahihi gani? Sheria yenyewe iko upande wetu. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 iliifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi. Sheria ya Afya ya mwaka 2017 inamtaka mhudumu, inapowezekana, amweleze mgonjwa hali yake kwa lugha anayoielewa na kwa namna inayozingatia kiwango chake cha kusoma na kuandika. Haki hiyo haiwezi kutekelezwa iwapo maneno yenyewe hayapo. Historia pia iko upande wetu. UKIMWI ni neno lililoundwa na Waswahili katika miaka ya themanini, likaeleza upungufu wa kinga kwa uwazi, likaingia vijijini. Mwaka 2020 neno barakoa lilienea kwa muda mfupi sana. Panapo haja na nia, umma huyapokea maneno.

Tufanye nini?

Sipendi kumaliza kwa malalamiko. Vyama vyetu vya Kiswahili huandaa makongamano, mashindano ya ushairi na ziara za kwenda pwani. Hayo yote ni mema. Napendekeza kwamba mwaka huu tuongeze jambo moja dogo. Wakati wa likizo, kila mwanafunzi arudi kwao na daftari, akusanye maneno ambayo watu hutumia kwa maradhi ya ini na tumbo: yale ya Kilungu, ya Kitui, ya Kilifi, ya Kakamega. Awaulize wazee, wakunga na wauza dawa. Awaulize pia wanamaanisha nini wanapoyatumia.

Kisha tukae na wanafunzi wenzetu wa udaktari na uuguzi, ambao madarasa yao yako hatua chache kutoka yetu na ambao aghalabu hatuwajui. Wao watueleze mwili, nasi tuwape lugha. Tuandike karatasi moja tu, ukurasa mmoja, inayoeleza kwa nini mgonjwa wa ini hupewa dawa ya kuendesha. Tuisome mbele ya watu sokoni na kanisani, tuone ni neno gani linalowafanya wakunje uso, tulibadilishe. Neno ambalo mama wa Nunguni hawezi kulirudia kwa maneno yake mwenyewe bado halijaiva, hata kama baraza zima la wasomi limelipitisha.

Walimu wetu nao wakubali kazi ya namna hii kuwa mada ya tasnifu. Tumeandika vya kutosha kuhusu sitiari katika riwaya. Sitiari za mgonjwa anapoeleza maumivu yake kwa daktari ni nani ameziandika?

Nilirudi Kilungu likizo iliyopita. Chupa ile ingali juu ya kabati, imebaki zaidi ya nusu. Nilimweleza mkazamjomba sentensi nilizozipata, kwa Kiswahili kisha kwa Kikamba changu kilichopindapinda. Alinisikiliza hadi mwisho, akanyamaza kitambo, kisha akaniuliza: "Mwanangu, na mbona hawakusema hivyo?"

Sikuwa na jibu. Wapenzi wa Kiswahili, swali hilo si langu peke yangu. Mwenye jibu na alilete, na tuanze nalo kazi.